Mkono Mfupi

Jana uji uliniungulia sufuriani, na harufu yake ikanirudisha Lodwar, kwenye chekechea yetu ya makuti ambako kila mtoto alikuja na kikombe chake cha bati.

Siku moja alifika afisa wa elimu kutupima umri. Ukipitisha mkono juu ya kichwa ukashika sikio la upande wa pili, basi umekomaa, unapelekwa darasa la kwanza. Na chekechea ikibaki na watoto wachache, hailetewi unga tena. Mimi sikio nilikuwa nalishika kitambo, na nilijivunia sana.

Mwalimu wetu aliinama, akanifuta kamasi kwa upindo wa leso yake. "Leo mkono yako ni fupi," akaninong'oneza. "Umesikia, mama?"

Nikafikisha vidole utosini, nikaviacha hapo.

"Huyu bado," afisa akasema, akaenda kwa mwingine.

Alipoondoka, mwalimu alinikwangulia ukoko wa uji. "Sasa shika sikio." Nikalishika, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Jana jikoni niliinua mkono kushika sikio bila kufikiri, nao ukaishia utosini.