Feni ya Shofaji na Kaye ya Mwalimu

Mtu wa Rumonge hana haja na shofaji. Sisi tuko chini, ziwani, jua linatupiga tangu asubuhi, na ukimwona mtu amewasha mashine ya kuleta joto ndani ya gari utadhani ana homa. Ndiyo maana siku ile Mwalimu aliponiambia kwamba feni ya shofaji ya gari lake inazunguka ikitaka na inagoma ikitaka, nilicheka mpaka nikaweka spana chini. Kicheko kile kinaniuma hadi leo. Kwa ajili ya feni ile nilikaa na gari la mtu siku moja zaidi, na siku hiyo moja ndiyo aliyoihitaji.

Umeme wa magari nilijifunza Usumbura, mji wetu mkuu wakati ule, kwa mzungu mmoja mwenye garaji. Uhuru ulipofika alifunga, akarudi kwao, nami nikarudi nyumbani Rumonge na sanduku la vifaa alilonipa. Mwaka huohuo Mwalimu alinunua gari kwa mzungu mwingine, mnunuzi wa mawese, aliyekuwa naye anafungasha. Kwa hiyo gari lake na garaji yangu vilikuwa na umri mmoja, na tulikuwa tukitaniana kwamba sisi ni ndugu wa uhuru. Yeye alikuwa Mkristo wa milimani, mimi Mswahili wa mjini, na sikumbuki kama jambo hilo lilitugombanisha hata mara moja.

Baadaye walimpandisha kuwa mkaguzi wa shule, lakini kwangu alibaki Mwalimu. Kila wiki alipanda kwenda Bururi na kuzunguka shule za huko juu. Huko kuna baridi na ukungu ambao watu wa pwani ya ziwa hatuujui. Pumzi ya mtu inaganda kwenye kioo cha mbele, njia haionekani, na pembeni ni bonde. Kazi ya kile kifeni kilichojificha chini ya dashibodi ni kusukuma hewa ya moto kwenye kioo ili kikauke. Kikisimama, dereva anaendesha kwa mkono mmoja na kupangusa kioo kwa mkono mwingine.

Alipolileta gari mara ya kwanza, niliwasha swichi, feni ikazunguka vizuri kabisa.

"Mwalimu," nikamwambia, "gari yako iko nzima. Mugonjwa iko wewe."

"Huku chini inajifanya nzima," alisema. "Panda nayo utaona."

Sikupanda. Nilibadilisha fyuzi nikamruhusu aende. Baada ya wiki akarudi: imesimama tena. Nikafungua swichi, nikaisafisha. Akarudi. Nikashusha mota yenyewe, nikaona kaboni zake za kupitisha umeme zimelika, nikaweka nyingine. Akarudi, anacheka, lakini safari hiyo alinisimulia jinsi gurudumu moja lilivyotoka nje ya njia kwa sababu ya kioo. Nikaacha utani. Kila mara feni ilikuwa ikizunguka mbele yangu bila aibu yoyote, na mimi nilianza kuichukia.

Basi Mwalimu akaanza kuandika. Alinunua kaye, daftari la shule lenye jalada la buluu, akaliweka ndani ya gari. Kila feni iliposimama aliandika ni wapi, saa ngapi, kama mvua inanyesha, kama taa zinawaka. Alipokuja alinifungulia kaye ile kwa heshima kana kwamba anampa daktari karatasi ya mgonjwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote siku hizo. Mimi nilisoma chuoni, nikahitimu Kurani, na herufi za Kiarabu nazisoma bila shida. Zile za kizungu niliokotaokota tu, za juu ya fyuzi na betri na maboksi ya spea. Kifaransa cha Mwalimu, kwa mwandiko wake ule wa kuunganisha, kilikuwa giza kwangu. Na mimi nilikuwa fundi mkubwa, watu wanatoka mpaka Muhuta kuniletea magari. Kila alipoinyoosha kaye, nilimwonyesha viganja vyangu.

"Mikono iko na mafuta, Mwalimu. Weka pale, nitaangalia."

Sikuangalia. Nilimwambia hata kwa kiburi kwamba gari linatengenezwa kwa masikio na vidole, si kwa makaye. Yeye hakukasirika. Nilichoona ni kwamba kurasa zilizofuata alianza kuchora: mistari, mishale, vilima vidogo. Nikadhani ni mchezo wa mwalimu asiyeweza kuishi bila ubao. Nilikuwa mjinga.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, na zile wiki zake. Watu waliuawa, kisha askari wakaanza kuita watu. Aliyesoma, mwenye kalamu mfukoni, aliitwa kabla ya mwingine, na aliyeitwa hakurudi. Sokoni watu walinunua kimya wakaenda. Nisidanganye kwamba sikujua. Nilijua kama kila mtu alivyojua, lakini gari la Mwalimu lilikuwa garajini kwangu tangu kabla ya mambo kuanza, na mimi nilikuwa nimeapa safari hii nitaipata ile hitilafu. Nilijifungia ndani ya kazi kwa sababu nje kulitisha. Nilikuwa nimeng'oa dashibodi nzima, nyaya zinaning'inia, betri iko chini, viti vya mbele viko nje ukutani.

Mwalimu alikuja asubuhi, amevaa shati safi. Mkononi alikuwa na bidoni ndogo ya mawese, zawadi. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wanaume wawili waliokuja kuchaji betri, watu ambao sikuwajua vizuri.

"Amahoro, fundi. Gari iko aje?"

"Bado, Mwalimu. Unaona mwenyewe matumbo yake."

"Inaweza kutembea leo?"

"Itembee bila vantilateri?"

"Vantilateri iache kwanza."

Hayo maneno yalinichoma. Miezi mingapi amenisumbua na feni yake, na leo, wakati nimeshapasua kila kitu, ananiambia niiache! Nilimjibu mbele ya wale watu kwamba mimi sitoi kazi nusu, arudi kesho saa nane. Ningeweza kulifunga gari lile kwa saa moja. Naomba hilo lieleweke. Saa moja tu, viti na betri, dashibodi ningeitupa nyuma.

Alitazama benchi, akanitazama mimi. Akaenda kwenye gari, akachukua kaye kule ilikokuwa, akaandika kidogo akiwa ameegemea mlango, akaniletea.

"Fundi, angalia ukurasa wa mwisho."

"Nitaangalia."

"Angalia sasa, kama iko nafasi."

Nikamwonyesha mikono yangu. "Iko na mafuta, Mwalimu."

Mtu mwingine angenivuta pembeni, angenikamata shati. Yeye alikuwa na adabu yake, na kwetu mtu haulizwi anaharakia wapi, naye hatangazi. Aliiweka kaye juu ya sanduku la vifaa, akaiwekea spana juu ili upepo wa ziwa usiipeperushe.

"Murakoze, fundi," akanishukuru, akaenda.

Kesho yake saa nane hakuja, wala saa tisa. Jioni jirani aliniambia bila kunitazama kwamba walimchukua alfajiri, nyumbani kwake, na kwamba aliomba avae viatu.

Sikulala, na asubuhi sikujua la kufanya na mwili wangu, kwa hiyo nilirudi kwenye gari. Niliosha mikono kwa sabuni na mchanga, nikafungua kaye. Maneno sikuyaweza, lakini michoro niliiona. Kila ukurasa mstari unapanda kilima, unakata kona kwenda kushoto, na hapo kuna msalaba mdogo. Kurasa kumi na moja, zote kona ya kushoto ya kupanda. Nilirudisha betri, nikawasha feni, nikapiga jeki gurudumu la mbele la kushoto peke yake, gari likalala upande wa kulia, bodi ikajipinda, na feni ikasimama. Nikashusha jeki, ikazunguka. Nilifuata waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, mpaka kwenye boliti yake upande wa abiria. Juu ilionekana imekaza. Chini yake kulikuwa na kutu tupu. Nilisugua kwa msasa, nikakaza. Haikuchukua robo saa.

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilisema kwa sauti kwamba angenieleza tu kwa mdomo. Ndipo nikafunua ukurasa wa mwisho.

Haukuwa Kifaransa. Ulikuwa Kiswahili, Kiswahili chetu, kwa herufi kubwa zilizotengana moja moja, zile ambazo mwalimu huandika ubaoni kwa watoto wa darasa la kwanza. Nilizisoma kwa kidole, polepole, na nilizisoma zote.

"FUNDI. VANTILATERI IACHE. FUNGA TU GARI ITEMBEE. LEO NATAKA KUPELEKA MAMA YANGU NA WATOTO MUHUTA KWA SHEMEJI, IKO NA MUTUMBWI. MAMA HAWEZI KUTEMBEA. USISEME KWA SAUTI."

Alikuwa anajua. Sijui tangu lini, labda tangu mara ya kwanza nilipomwonyesha viganja. Alijua kwamba sisomi, akaficha aibu yangu hata kwangu mwenyewe, akaanza kuchora mishale. Na siku roho yake ilipokuwa hatarini aliandika kwa namna ambayo hata mimi ningeweza kusoma. Nilikaa chini kwenye saruji nikalia, na sikujali nani anaona.

Siku ya tatu mke wake alikuja garajini. Alikuwa amekonda kwa siku hizo chache.

"Fundi, alisema kaye yake iko kwako. Iko neno aliacha?"

Nilikuwa nimeinama ndani ya gari nikifunga kiti. Nilijibu bila kugeuka.

"Iko mambo ya vantilateri tu, mama."

Akaniomba niwafikishe Muhuta. Nilikubali kabla hajamaliza. Mke wangu alimfunga ushungi wake mwenyewe ili aonekane dada yangu, na alfajiri iliyofuata tuliondoka, bibi kizee mama yake Mwalimu na watoto watatu nyuma, mke wa Mwalimu mbele pembeni yangu. Kwenye kizuizi cha askari nilisema najaribu gari la mteja na nampeleka dada msibani. Walichungulia, wakaona mafuta mikononi mwangu, wakatuachia.

Tulipopita, njia ikifuata ufuo wa ziwa na jua limeshapanda, mke wa Mwalimu alinyoosha kidole kwenye dashibodi.

"Iliisha kupona?"

"Ilipona."

"Washa nisikie."

Niliwasha. Hewa ya moto ikatupiga usoni. Watoto walianza kutoka jasho, bibi akajipepea kwa kona ya kitenge, lakini hakuna aliyesema nizime. Nilikata kila kona nikiiombea isimame, kwa sababu nilikuwa naona kwamba ikisimama hata mara moja nitaweza kusema ukweli. Haikusimama mpaka Muhuta.

Karibu na kufika, mama yule alitoa mkono, akauweka mbele ya ile hewa.

"Siku ile alirudi nyumbani anacheka," akasema. "Nikamuuliza, gari iko wapi? Akaniambia, tungoje kesho. Fundi yangu hatoi kazi nusu."

Kaye ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliwashusha kwa shemeji, nikambeba bibi mgongoni mpaka kwenye mtumbwi wa kuwavusha ziwa, na mfuko wangu sikuufungua.