Vipimo Ndani ya Pipa

Mimi ni fundi wa kompyuta, na mdomo wangu hauna breki. Wateja wananiita Bwana Futa, maana kabla sijahamisha chochote, kwanza namwaga lile pipa la taka la kompyuta, mnamolala mafaili yaliyofutwa. Ya nini kuhama na takataka?

Asubuhi moja akaja mama mshonaji, mjane, amekumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa ikikoroma na kuganda.

"Mama, diski imezeeka hii. Tuhamishie vitu vyako kwenye SSD, diski mpya ya kasi."

Akakubali. Nikamwaga pipa, nikahamisha, saa tisa nikamkabidhi. Ikawaka chap!

Hakuondoka. Alifungua pipa, akalifunga, akalifungua tena.

"Fundi, sauti za mume wangu ziko wapi?"

Nikamvutia kiti, akanieleza. Kumbe macho yalipoanza kumsumbua, mumewe alikuwa akimrekodia vipimo vya wateja, naye anashona huku anasikiliza. Mzee alishafariki, na wateja wamepungua. Lakini kila jioni mama hutoa sauti moja pipani, huisikiliza, kisha huirudisha.

"Jamani, mama! Nani anaweka mali pipani?" nikafoka. Hasira za mkosaji hizo, najua.

"Mwanangu akija husafisha kompyuta. Hufuta kila asichokijua. Pipani hachungulii."

Bahati nzuri, diski ya zamani ilikuwa bado mezani, na kilichofutwa kwenye diski za namna ile hakipotei papo hapo. Nikaiunganisha, nikaanza kufufua mafaili. Ilikuwa ikigonga ndani, tak, tak, nami naibembeleza kama chizi. Siku mbili mama alikuja akakaa kwenye kiti kilekile. Zilirudi sauti thelathini na moja, kati ya mia na zaidi. Kisha diski ikafa.

Nikamfungulia ya kwanza. "Mkono, ishirini na tatu. Wewe, unanisikia au umesinzia?"

Mama akacheka, akalia. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

"Zirudishe pipani," akasema.

"Sirudishi! Mwanao akija, mwambie asiguse. Basi."

"Haji. Huu mwaka wa sita."

"Sasa unamficha nani?"

Nilitamani kuumeza ulimi wangu. Mama alikitazama kioo cha kompyuta.

"Nikiziacha nje ya pipa," akasema, "nitakuwa nimekubali kwamba haji tena."

Nikazirudisha pipani, moja moja.