Jibu la Mlangoni

Enzi zetu, mtoto wa kota za reli pale Voi hakuonja uji kabla hajaleta habari za majirani. Nawaambia nyinyi mliolala chini ya mabati yale, mkaamshwa na honi ya treni ya Mombasa na vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye kopo la sukari: mnajua ninachosema. Watoto wa siku hizi wakifumbua macho wanapapasa simu. Sisi tulipapasa kandambili, na mara nyingi ulipata moja tu, ya pili ameshaondoka nayo ndugu yako.

Mama alitugawia milango. Mimi, Mghoi, nilipewa upande wa bomba la maji. Dada yangu Wakesho, mkubwa wangu kwa miaka michache, alipewa upande wa reli, kwenye nyumba za watu wagumu. Kila asubuhi kabla ya shule tulikwenda kuamkua. Wala haikuwa shikamoo ya kupita mbio. Ulibisha hodi, ukangoja, ukamwona mwenye nyumba amesimama kwa miguu yake, ukatupa jicho uone kama moto umewashwa, ndipo ukarudi kutoa habari. Ukirudi haraka mno, Mama aliacha kukoroga uji akakutazama.

"Umemwona amesimama?"

Ukisema ameitikia tu kutoka ndani, alikuonyesha njia kwa mwiko. "Rudi. Usiniletee jibu la mlangoni."

Jibu la mlangoni, kwa Mama, lilikuwa lile la mtu anayesema yeye ni mzima huku mlango umefungwa. Alisema waungwana ndio wanaolitoa zaidi, kwa kuwa wanaona haya kusumbua. Kwa hiyo tulikua tukijua kwamba mtu anaweza kukuambia kwa sauti nzuri kabisa kwamba ameamka salama, na asiwe ameamka. Sijui ni nyumba ngapi duniani zinazowafundisha watoto jambo hilo. Yetu ilitufundisha, na mpaka leo najivunia.

Baada ya hapo ndipo uji wa mtama ulipokuja, umekamuliwa ndimu, na mkiwa na bahati mnapata kimanga, ule muhogo uliopondwa na maharagwe, kilicholala, kimekauka vizuri pembeni. Halafu shule, na maziwa ya pakiti za pembe tatu tuliyoyafyonza hadi pakiti inalia. Jioni ilikuwa blada, ule mchezo wa kuruka mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Hapo Wakesho alikuwa malkia. Mpira ukiwekwa magotini anaruka, ukipandishwa kiunoni anaruka, ukifikishwa mabegani wengine tunakaa chini tutazame. Alikuwa na miguu mirefu myembamba yenye vumbi hadi magotini, na kabla ya kuruka alikunja vidole vya mguu akaukamata mchanga. Mabinti wa leo wanalipia chumba chenye vioo ili wakaruke humo na kutokwa jasho. Dada yangu aliruka bure, na watu walisimama kumtazama.

Huyo huyo Wakesho ndiye aliyemwokoa Mzee Otieno. Huyu alikuwa mstaafu aliyewahi kubadilisha njia za treni, akiishi peke yake nyumba ya mwisho, mtu wa maneno machache na redio kubwa. Asubuhi moja Wakesho alibisha hodi. Mzee akajibu kutoka ndani, sauti imenyooka: "Mimi mzima, mwanangu. Nenda shule usichelewe." Mtoto mwingine angeshukuru. Wakesho alizunguka nyuma, akakuta jiko limelala na majivu ya jana, akapanda juu ya debe akachungulia dirishani. Mzee alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda, mguu umevimba na kung'aa, hawezi kuunyanyua.

Wakesho hakulia. Alipiga kelele moja tu, na mstari wote wa kota ukatoka. Muuza maji akashusha mitungi yake, Mzee akapakiwa kwenye mkokoteni, akasukumwa hadi hospitali huku akinung'unika kwamba watu wanamwaibisha. Sisemi hospitali ile ilikuwa peponi. Vitanda vilikuwa vya kulala wawili, dawa nyingine ulikwenda kuitafuta mjini. Lakini pale mlangoni hakuna aliyemuuliza Mzee ana kadi gani. Walimuuliza anaumwa wapi. Alirudi na mguu wake, na tangu siku hiyo, Wakesho akibisha, alifungua mlango na kusimama kama askari wa gwaride ili akaguliwe.

Tulipokua tuliondoka wote wawili, na kazi ile ya asubuhi tukaibeba. Mimi ni muuguzi hapa Doha. Naishi Al Mansoura, nyumba ya wapangaji wengi, pamoja na Rehema wa Kisauni anayefanya kazi hotelini na vijana wawili watatu wa juzijuzi. Vijana hawa hunichekesha. Mmoja amelala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, na asubuhi ananitumia picha ya ua kwenye simu, imeandikwa siku njema. Akikohoa anawatangazia watu wote wa mtandaoni, lakini mimi muuguzi niliye umbali wa hatua chache sijaambiwa. Humgongea mlango nikamwambia asimame. Ananiita matroni, na amekuwa akifungua.

Wakesho naye alikwenda Marekani kutunza wazee majumbani mwao. Tulimwonea fahari, na nyumbani Voi jina lake lilitajwa kanisani. Ndiye aliyekuwa akitumiwa kila taarifa ya shida, kwa sababu mtu akiwa Marekani watu hudhani hana ya kwake. Na yeye alijibu kila mara kwa kicheko. Kila Jumapili alimpigia Mama, na Mama, ambaye simu yake inashika mtandao ikiwekwa dirishani tu, alisikia sauti akaridhika.

Ijumaa moja nilikuwa nimetoka ibadani, maana hapa kanisa letu kubwa ni Ijumaa. Rehema alikuwa jikoni anapika wali. Alasiri yetu ni asubuhi ya kule, nikampigia Dada kwa video. Akaja uso tu, amejaza kioo chote, anacheka, anauliza habari za joto. Tukiwa katika hali hiyo, birika likaanza kupiga mluzi jikoni kwake.

Nikangoja ainuke. Birika likaendelea kulia. Akaendelea kuongea, tena akapandisha sauti ili alishinde.

"Dada, birika."

"Liache tu. Litanyamaza."

Mimi namjua Wakesho. Ni mtu aliyekuwa akiruka kutoka kitandani kuepua sufuria ya jirani. Nikamwambia, "Dada, simama nikuone."

"Aah, Mghoi, na wewe. Niko sawa. Nimechoka tu na shifti."

"Simama."

Rehema akaja na mwiko wake akasimama begani kwangu. "Khalas, dada, simama tu tukuone. Huyu hatakuacha, mimi naishi naye."

Birika likazidi kulia. Kisha akageuza simu ielekee chini. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa taulo la jikoni. Juu ya taulo ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa, nami nikauona mguu wa Mzee Otieno palepale, baada ya miaka yote hiyo.

Akanieleza akiwa ameficha uso. Ana kisukari, jambo ambalo tulilijua. Ambalo hatukulijua ni kwamba wakala anayempa kazi alimpunguzia saa, na kule bima ya afya ilikuwa imefungwa kwenye kazi, saa zikaondoka nayo. Dawa ya sindano akaanza kuigawa, kipimo cha siku moja akakivuta kiwe cha mbili. Kidonda kidogo cha kiatu kikawa hicho. Na kila asubuhi alikuwa akienda, akichechemea, kumdunga bibi mmoja wa Kimarekani sindano ya dawa ileile, kwa wakati, kipimo kamili, kwa sababu bibi ana bima.

"Nenda hospitali," nikamwambia. "Sasa hivi. Huo mguu haungoji."

"Hujui huku. Nikiingia bila bima nitapona, halafu bili iniue. Nitabaki na deni mpaka uzeeni, na nyumbani wananitegemea. Wacha niukande na maji ya chumvi kwanza."

Nilikasirika, sitaficha. Sikumkasirikia yeye. Nilikuwa nimekaa pale na kadi yangu ya afya kwenye pochi, kadi ninayoitumia bila hata kuiwaza, na dada yangu, mwenye elimu ya kuuguza, anaoza mguu chumbani akipiga hesabu. Nikamwingiza Mama kwenye simu. Sikumweleza mengi. Nilisema tu, "Mama, Wakesho ametoa jibu la mlangoni."

Mama hakupandisha sauti. "Wakesho. Nani amekuamkua leo?"

"Hakuna, Mama. Huku watu hawaamkuani."

"Jirani yako ni nani?"

Dada hakujua. Ameishi kwenye jengo lile miaka, na jirani wa mlango wa pili alimjua kwa kutikisiana vichwa kwenye lifti. Mama akavuta pumzi tukaisikia kutoka Voi hadi Al Mansoura. "Basi leo wewe ndiye mtoto. Nenda kabishe hodi. Na simu usiikate, nataka kusikia."

Tukasikia. Tukasikia akizima birika, akifungua mlango, akiburuta ule mguu kwenye korido huku akishika ukuta. Rehema alikuwa ameushika mkono wangu, na wali unaungua jikoni hakuna anayejali. Tukasikia akigonga. Kimya. Nikasikia pumzi yake, nikajua anataka kurudi. Mama akasema, "Gonga tena, ngoja mtu asimame mbele yako."

Akagonga tena. Mlango ukafunguliwa, na kwenye kioo akapita mama mmoja mnene, kitambaa kichwani, mswaki bado mkononi. Dada alianza kuomba radhi kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba samahani kwa usumbufu, kwamba si jambo kubwa. Yule mama hakumsikiliza. Alitazama chini akauona mguu, akasema angoje achukue funguo za gari. Hakuuliza jina wala bima. Mimi niliyekuwa nimeilaani nchi nzima kwa nusu saa nilinyamaza.

Hospitalini walimpokea. Mguu ulibaki, ila vidole viwili vilikatwa, na daktari alimwambia kwamba angengoja kidogo tu ungekwenda wote, na pengine yeye mwenyewe. Vidole vile ndivyo vilivyokuwa vikikamata mchanga wakati wa blada. Nililia siku ile kazini, kwenye stoo ya shuka, nikafuta uso nikarudi wodini. Vidole havikuchukuliwa na kisukari peke yake. Dawa ilikuwepo, madaktari walikuwepo, na mikono yake yenyewe ilijua kudunga. Kilichokosekana ni kadi. Bili ilimfuata hadi nyumbani kama alivyosema, na bado anapambana nayo.

Lakini mimi sikukaa niandike ili mumhurumie dada yangu. Alipoweza kutembea kwa gongo alianza kuamkua. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, anapita korido ya jengo lile la Marekani akigonga milango, kwa yule mama mnene, kwa mzee wa ghorofa ya chini ambaye Dada alikuwa akimwogopa. Mwanzoni walidhani anauza kitu. Sasa akichelewa wanamfuata wao. Na watu wale wakajua habari ya dawa yake, wakamwonyesha kliniki ya watu wasio na bima, ambayo ilikuwa mitaa michache tu kutoka kwake muda wote ule.

Enzi zetu, afya ya mtu mzima ilikuwa kazi ya mtoto kabla ya uji. Hatukuwa na bima. Wengi hatukulijua hata neno lenyewe. Siku hizi mtu anaweza kuwa na simu mbili, marafiki elfu wa mtandaoni na hospitali inayong'aa ng'ambo ya barabara, akafa kwa haya nyuma ya mlango uliofungwa. Siwalaumu vijana peke yao. Sisi tuliokuzwa vile ndio tuliowapa simu, tukaacha kuwagawia milango. Nazikumbuka asubuhi zile, ubaridi wa ardhi chini ya nyayo, moshi ukipanda mstari mzima wa kota, na Mama akingoja na mwiko.

Siku hizi, ikifika alasiri hapa Doha, simu inaita. Mama yuko dirishani kwake Voi, mimi niko sebuleni na Rehema, na mara nyingine yule kijana wa maua naye huja kuchungulia. Wakesho anaiegemeza simu ukutani, anarudi nyuma hadi aonekane mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Juzi aliliweka gongo pembeni. Akasimama, akatutazama, akakunja goti akaruka, kidogo tu, kimo cha blada ya mwanzo kabisa, ile ya watoto wadogo, akatua bila kushika kitu.

Mama akasogeza uso karibu na kioo, akamkagua juu hadi chini kama alivyokuwa akitukagua sisi, naye Dada, mtu mzima mwenye mvi, akangoja.

"Haya," Mama akasema. "Kunywa uji uende shule."