Kidole cha Gharib

Zamani mashua ya ufuko wa Katonga iliandikwa jina kwa brashi na mtu aliyekula samaki wake. Siku hizi jina linatemwa na mashine, na aliyelichapa hajawahi hata kuiona mashua yenyewe.

Mzee Pazi wa Ujiji aliandika mashua miaka thelathini na nane, mpaka mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Shule hakuiona. Herufi alijifunzia kwenye magunia ya chumvi ya Uvinza. Sasa alikuwa katika duka la Nuhu, Kigoma mjini, akikata na kubandika stika. Nuhu alimwita fundi mbele ya wateja tu.

Asubuhi hiyo mashine kubwa ya kuchapia iligoma. Stika ilitoka na mawimbi pembeni, ikainuka, ikagongwa na kichwa cha mashine, wino ukapakaa. Vipande vitatu vilikwishaharibika, na kila kimoja kilipoharibika Nuhu aliongeza joto.

Yusra, binti wa marehemu Gharib, alisimama mlangoni. Ziwa lilikuwa linafunguliwa kwa uvuvi keshokutwa baada ya miezi ya kupumzishwa, na mashua aliyoachiwa na baba yake haikuruhusiwa kutoka na jina lisilosomeka.

"Shikamoo, baba. Mashine inaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Inaumwa kiburi."

"Mzee, wewe kata stika," Nuhu akasema. "Ya kompyuta niachie mimi."

Pazi akaendelea kukata kwa wembe. Alijua tatizo lilikuwa wapi. Maroli ya stika yalikuwa yamesimamishwa stoo kwenye sakafu ya saruji tangu masika, yameegemea ukuta unaotoka jasho, na karatasi ya mgongoni ilikuwa imekunywa unyevu. Moto wa Nuhu ulizidi kuikunja. Ubao mbichi haupokei rangi. Hilo alilijua kabla Nuhu hajazaliwa.

Alinyamaza kwa sababu mashua ile iliitwa KURUTHUMU, jina la mke wa Gharib, na yeye ndiye aliyeliandika, kwa rangi ya buluu. Siku hiyo, rangi ikiwa bado mbichi, Gharib alikandamiza dole gumba kwenye U ya mwisho.

"Nilitaka kujua kama imekauka."

"Umejua sasa, punguani wewe?"

Walicheka mpaka wakakaa chini kwenye changarawe. Pazi alikataa kulifuta lile dole, ili mwenzake aone aibu kila asubuhi. Herufi zilichubuka mwaka baada ya mwaka, lakini mistari ya ngozi ya Gharib ilibaki kwenye ile rangi nzito. Gharib mwenyewe ana miaka minne kaburini. Mashine ikishindwa, rangi ya zamani haitakwanguliwa, na dole litabaki.

"Basi," Yusra alisema kwa sauti ndogo, "watano kati ya wavuvi wangu wameshaitwa na mashua za Ilagala. Nikikosa giza hili, siku za dagaa zisizo na mwezi, hawanisubiri."

Pazi aliweka wembe mezani.

"Nuhu, zima huo moto."

"Mzee..."

"Zima! Roli livue plastiki, lilaze hapa ndani mpaka kesho. Kata mita mbili za mbele, zimeshakufa. Kisha punguza joto, na kichwa kipandishe kidogo."

Kesho yake stika ilitoka imenyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nuhu aliipiga picha, hakusema asante.

Jioni Pazi alikuwa Katonga na msasa na kikwanguo, maana stika haishiki juu ya rangi inayobanduka, wala haikubali uvimbe chini yake. Alianza na K. Alikwangua polepole, na U ya mwisho akaiacha mpaka mwisho.

"Baba, mkono unakusumbua? Nikusaidie?"

"Mkono tu."

Hakumwambia habari ya dole la baba yake. Angemwambia, Yusra angemzuia, na wavuvi wangekwenda Ilagala.

Dole la Gharib lilibanduka zima, gamba moja la buluu lenye mistari. Pazi alinyoosha mkono kulidaka. Mkono ukatetemeka, gamba likagonga ukingo wa mashua, likavunjika, likaangukia changarawe pamoja na vipande vya herufi nyingine. Wimbi dogo lilikuja likavikusanya vyote. Vilielea kidogo karibu na miguu yake, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuviona.