Safari ya Siri ya Mama Neema

Sisi Wakongo, mtu akipata safari ya Amerika hasemi mpaka afike, anaogopa kulogwa. Basi nilipochungulia daftari la Mama Neema, msusi mwenzangu hapa Rosettenville, Johannesburg, nikakuta Chicago, Savannah na New Orleans, nilijua tu: huyu anatuficha! Kesho yake akanunua koti zito. Eish! Mimi mpelelezi nikasahau kwamba ni Julai, jiji zima linatetemeka kwa baridi.

Jumapili nikasimama kanisani, nikamwomba pasta amwombee dada yetu Mama Neema, anayetuacha kimyakimya kwenda Chicago, Savannah na New Orleans. Wengine wakaanza kulia.

Mama Neema akainuka taratibu. “Hiyo ni miji tunayoipenda mimi na binti yangu. Tunaitembelea kwenye simu. Hata paspoti sina,” akasema. “Sasa wewe, daftari langu ulilifungua lini?”