Siku Niliunguza Sakiti ya Mwiwa Wangu

Mimi shule niliionanga kwa dirisha tu, nikipelekea walimu maziwa. Lakini kuna siku nilisimama chuoni hapa Kakamega mbele ya profesa, moyo ikinipiga nguvu mpaka vifungo za shati zikacheza.

Mtoto wa dada yangu, sisi tunamwitanga mwiwa, alikuwa amebakisha kazi moja tu amalize masomo ya fizikia: kutengeneza mfano wa ile mashine ya Uswisi inagonganishanga vipande vidogo vya ndani ya kila kitu. Aliniambia ni paipu mviringo chini ya ardhi, ukiinyoosha inatoka hapa mjini inakaribia Mumias. Vipande vingine vinaenda hivi, vingine vinakuja hivi, kila moja na paipu yake, ndani hakuna hata hewa. Kila mzunguko vinasukumwa kidogo, mbio inazidi, na sumaku inavikunja visigonge ukuta. Halafu vinaletwa mahali pamoja, tuu! Watu wanaangalia ni nini imeruka.

"Kumbe ni kama fahali za Shinyalu zikipiganishwa," nikasema.

"Fahali unaiona, khotsa. Hizi hutaona hata ukivaa miwani kumi." Khotsa ndiyo mjomba, na huyo mtoto alinicheka hivyo tangu aote meno.

Yetu ilikuwa ya kutosha meza. Mimi ni wa kuchomelea vyuma, nikaunda meza. Yeye akazungusha paipu mbili za plastiki unaona ndani, kila moja na mpira ya chuma ya beringi ya trakta ya miwa. Kwa kila paipu akazungushia waya ya kopa, ile shaba nyekundu. Stima ikiingia, waya inakuwa sumaku, inavuta mpira. Stima ikikatika, mpira inapita na mbio zake. Ikichelewa kukatika, mpira inarudishwa nyuma. Kwa hivyo alikuwa na sakiti yenye macho, inaona mpira na kuwasha na kuzima yenyewe. Hiyo sakiti aliijenga miezi mingi mpaka akakonda, ukimwangalia kwa upande humwoni.

Asubuhi ya mtihani akaenda kupiga nguo pasi. Mimi nikaona mguu moja ya meza inacheza. Nikasema nimfanyie wema. Nikachomelea nukta moja, tukabeba, tukaenda.

Kufika chuoni, anawasha, kimya. Akainama akanusa sakiti.

"Khotsa, ulichomelea hii meza?"

"Kidogo tu."

"Na sakiti ikiwa imefungwa hapo?"

Nikainama nikashika ile nukta yangu. Stima ya kuchomelea ilipita kwa chuma ikaenda ikala ile sakiti yote. Na bila hii kazi, mwaka huo hangevaa joho. Profesa, mama mmoja sijui kama alizaliwa na meno maana hakuyaonyesha, alikuwa meza ya pili kutoka kwetu. Kila mwanafunzi dakika kumi.

Mwiwa akaangalia mikono yangu. "Wewe si unapiganga isukuti?"

Ngoma hiyo nimepiga kwa harusi na matanga mpaka ngozi ya mkono ikakuwa ya kifaru. Akakata sakiti, akatoa kwa mkoba swichi mbili za kengele ya mlango, akazifunga, moja kushoto, moja kulia. Mimi nizibonyeze kwa mdundo pahali pa sakiti.

"Huyu ni nani?" profesa akauliza.

"Ni sakiti yangu, profesa."

Hakucheka.

Nikaanza. Ta. Ta. Mpira zikatoka polepole kama ng'ombe imeshiba. Ta, ta. Mbio ikaingia, meza ikavuma. Ukingoja uone mpira, wewe umeshachelewa, kwa hivyo nikafunga macho nikasikiza. Ya kulia ikaanza kuwacha ya kushoto. Nikanyima mkono ya kulia pigo moja. Waya ikatoa moshi.

"Khotsa, plastiki itayeyuka!"

"Ngoja."

"Khotsa!"

"Bado! Ya kushoto iko nyuma... sasa!"

Akavuta kamlango ka pale paipu zinakutana, mpira zote mbili zikaingia kwa kipande kimoja kiko wazi juu, zikagongana. Mlio yake, nakuambia, ndege walihama msituni. Mwiwa alikuwa amezipaka mpira masizi, na karatasi nyeupe pembeni ikaonyesha michirizi mahali kila moja ilirukia.

Profesa akapima michirizi na rula. Halafu: "Mimi nilikuja kupima sakiti. Hii sakiti ya mwili ingeweza kuendesha mashine ya kweli?"

Mwiwa angeweza kudanganya. "Hapana, profesa. Kule vinazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa sekunde moja. Hakuna mkono. Sakiti yangu iliungua leo asubuhi."

"Ni mimi," nikasema. "Nipige mimi."

Profesa akaandika, akaandika, akageuza karatasi. "Paipu, sumaku na mgongano, umepita. Sakiti, nirudishie ikifanya kazi, Ijumaa ya wiki ijayo. Ikifika hiyo siku haiko, sitakuwa na la kukusaidia."

Tulirudisha meza kwa kibanda changu. Mwiwa hakunigombeza. Alichukua bisibisi, akafungua plagi ya mashine yangu ya kuchomelea, akaitia kwa mkoba, akaenda nayo hosteli mpaka hiyo Ijumaa.