Picha ya Bwana Nakuja

Kwa miaka ishirini na minne mji ule mdogo ulikuwa na meya mmoja, na meya huyo alikuwa na jibu moja. Ukimpelekea shida, iwe mtaro umeziba au jirani kajenga ukuta mpaka dirishani kwako, alisema, "Nakuja kuangalia." Wakubwa wengi husema hivyo, ukangoja mpaka ukaota mvi. Huyu alikuja kweli. Ndiyo maana watu wakambandika jina la Bwana Nakuja.

Aliyeteswa na tabia hiyo kuliko wote ni karani wake. Aliajiriwa apige chapa barua. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kumtafuta bosi. Wageni wenye tai wamejaa ofisini, chai imepoa, naye meya yuko uani kwa mjane fulani, amechuchumaa mbele ya bomba linalovuja, suruali imekunjwa magotini.

"Mheshimiwa, wageni wanakusubiri."

"Waambie waje huku. Kuna kivuli."

Siku hiyo wageni walikwenda, na mmoja wao, mhandisi, akaishia kushika spana.

Mara nyingine mtu mmoja alishtaki jogoo wa jirani kwamba hamwachi alale. Meya akafika alfajiri, akakaa kwenye kigoda kati ya nyumba mbili, karani kando yake na daftari, anapiga miayo. Kulipokucha mshtaki alitoka akijinyoosha.

"Jogoo amewika mara kumi na moja," meya akamwambia. "Wewe umekoroma tangu tufike. Kama kuna aliyenyimwa usingizi hapa, ni jogoo."

Mpinzani wake alikuwa mwokaji mikate, pande la mtu mwenye masharubu mapana, waliyesoma naye darasa moja. Aligombea mara tano, akaanguka mara tano. Kila uchaguzi sera yake ilikuwa ile ile: "Mkinichagua mimi, mtanikuta ofisini." Watu walimpigia makofi, kisha wakampigia kura mwenzake. Naye kila akishindwa alikuja ofisini na mkate wa moto kumpa mshindi mkono.

Hatimaye magoti ya meya yalikataa kuchuchumaa, akastaafu. Baraza likaamua kumuenzi angali hai: achorwe picha kubwa ya rangi, itundikwe katika ukumbi wa ofisi za mji. Mchoraji alikaa mji mwingine, hakuwahi kumwona, kwa hiyo karani akaambiwa atume picha ya kamera. Akapekua makabati siku mbili. Picha zote za meya zilionyesha mgongo wake, ameinamia kitu. Moja tu ndiyo ilikuwa na uso, ile aliyopigwa akipeana mkono na mwokaji. Karani akaigeuza, akachora mshale nyuma yake na kuandika, "Ni huyu." Hakufikiria kwamba picha ikigeuzwa, wa kulia huwa wa kushoto.

Siku ya sherehe ukumbi ulifurika. Meya mpya, mwalimu mstaafu, alitoa hotuba ndefu, kisha akavuta kitambaa. Ukutani akatokea mwokaji, amevaa mkufu wa umeya, masharubu yanang'aa.

Kisha bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Kwani huyu alishinda lini?"

Mwokaji, aliyeketi safu ya mbele, alijigusa masharubu kama anayehakikisha kwamba bado anayo. Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasimama.

"Kosa ni langu," alisema. "Mshale niliuchora mimi."

Mzee mwenyewe, Bwana Nakuja, akainuka polepole, akavaa miwani, akasogea hadi kwenye picha na kuitazama juu mpaka chini.

"Mkufu umemkaa vizuri kuliko mimi," alisema. "Iacheni hapo hapo. Huyu bwana miaka yote aliahidi kwamba mtamkuta ofisini. Leo ametimiza."

Kicheko kilichofuata kilitingisha madirisha. Mwokaji alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaomba kusema neno, naye hakuwa kwenye ratiba.

"Nimeshindwa na mtu huyu mara tano," alisema. "Leo niseme siri yangu. Ile mara ya tano, hata mimi nilimpigia kura yeye. Wiki ile tanuri langu lilikuwa limebomoka, na nilijua ni nani atakayekuja kuangalia. Mke wangu hajui." Mkewe alikuwa amekaa kando yake. Katika kampeni ile alikuwa amezunguka nyumba themanini akimuombea mumewe kura, na sasa alimtazama kwa jicho ambalo watu wa safu ile hawakupenda kulitazama mara mbili.

Kesho yake karani alikwenda nyumbani kwa mzee kuomba radhi rasmi, barua mkononi. Mke wa mzee akamfungulia, akaisoma barua pale mlangoni, akaikunja.

"Mwanangu, jana alicheka mpaka nikamsugua mgongo," alisema. "Na uso wake nimeutazama miaka arobaini. Sikuwa na haja ya kuukuta ukumbini pia. Ingia tunywe chai."

Karani akavua viatu, akaingia. Ilikuwa Jumatatu, saa za kazi, na hakujali.